Jinsi ya kuajiri Afisa Mkuu Mtendaji wa shirika la serikali Kenya bila faili kurudishwa

Kazi ya kumtafuta Afisa Mkuu Mtendaji huangukia bodi, lakini macho yanayoitazama ni mengi. Kuna Waziri, Kamati ya Ushauri ya Mashirika ya Serikali (SCAC), Tume ya Mishahara (SRC), Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), Bunge, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na mwananchi yeyote mwenye ada ya kusajili kesi. Wengi wao hawatakuwepo siku ya mahojiano. Watakachokiona ni karatasi, tena pengine miaka miwili baadaye. Ndiyo maana mwongozo huu, ulioandikiwa hasa katibu wa shirika na wajumbe wa kamati ya rasilimali watu, unalifuata faili kutoka karatasi ya kwanza.

Karatasi ya kwanza: nani ana mamlaka ya kuteua?

Kabla ya kikao chochote, chapisha sheria iliyounda shirika lenu na utie alama kifungu kinachotaja afisa mkuu. Chukua toleo la sasa kutoka Kenya Law, tovuti inayochapisha sheria za nchi, maana sheria za mashirika haya hurekebishwa mara kwa mara na nakala iliyo kabatini huenda imepitwa. Utakuta mojawapo ya mambo matatu: bodi ndiyo inayoteua, au Waziri anateua kwa mapendekezo ya bodi, kama ilivyo kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (KRA), au uteuzi umewekwa mikononi mwa Rais. Jibu hilo ndilo linaloamua barua ya mwisho itatiwa sahihi na nani, na kosa hapa halirekebishiki baadaye kwa maelezo matamu. Barua ya uteuzi iliyotolewa na asiye na mamlaka ni karatasi tupu, hata kama aliyeteuliwa ndiye bora nchini.

Kisha weka pembeni yake Sheria ya Mashirika ya Serikali, Sura ya 446. Kifungu cha 5(3) kinaruhusu shirika kuajiri wafanyakazi, afisa mkuu akiwemo, kwa masharti ambayo Waziri ameyaidhinisha baada ya kushauriana na Kamati. Kamati hiyo ndiyo SCAC, iliyoundwa na kifungu cha 26, na kifungu cha 27 kinaipa kazi ya kushauri, inapobidi, kuhusu kuteuliwa, kuondolewa na kuhamishwa kwa maafisa wa mashirika haya. Kwa hiyo hata pale ambapo bodi ndiyo inayoteua, masharti ya kazi hayaandikwi na bodi peke yake.

Ongeza Mwongozo, yaani kanuni za usimamizi wa mashirika ya serikali zilizotolewa 2015 na SCAC pamoja na Tume ya Utumishi wa Umma (PSC). Mwongozo unafaa sana, lakini ni kanuni. Ukigongana na sheria ya Bunge iliyounda shirika, sheria ndiyo inayotawala. Bodi nyingi huingia mtegoni kwenye urefu wa muhula: zinaandika miaka 3 inayoweza kuongezwa mara moja, kwa kuwa ndivyo matangazo mengi yalivyo, ilhali sheria yao yenyewe imetaja muda mwingine.

Juu ya vyote kuna Katiba. Kifungu cha 232 kinataka uteuzi katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na ustahilifu, kikitaja pia uwakilishi wa jamii mbalimbali. Cha 73 kinadai uadilifu na uwezo, na cha 27 kinaleta kanuni ya theluthi mbili ya jinsia. Vifungu hivi ndivyo hunukuliwa kwenye karibu kila ombi la kupinga uteuzi, basi bora viwe vimenukuliwa kwanza kwenye kumbukumbu zenu.

Shirika likiwa ni kampuni yenye wanahisa wengine, kama KenGen ambamo serikali ina asilimia 70 ya hisa, au Kenya Power ambamo ina asilimia 50.1, soma pia katiba ya kampuni na masharti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hapo badiliko la afisa mkuu ni habari ya soko, na halitangazwi kwanza kwenye mazishi au harambee.

Bodi yenyewe imekaa sawa?

Swali hili huulizwa mahakamani kabla ya alama za mahojiano kuguswa. Kwa Sura ya 446, mwenyekiti huteuliwa na Rais, nao wajumbe wa kawaida huteuliwa na Waziri. Katibu wa Wizara husika na mwenzake wa Hazina ya Kitaifa huingia kwa vyeo vyao. Tafuta tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali kwa kila mjumbe, andika tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha linganisha na ratiba yenu ya kuajiri. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: muhula wa wajumbe wawili unaisha kati ya kuchuja na mahojiano, hakuna anayegundua, akidi inavunjika, na kikao kilichochagua mshindi kinageuka kuwa mkusanyiko wa watu tu. Ukiona tarehe zinakaribiana, mwandikie Waziri mapema, au subiri bodi mpya. Kubahatisha hakufai.

Katibu wa Wizara asipofika, humtuma mwakilishi. Mwakilishi huyo awe na barua inayomtaja, na awe yule yule kuanzia kuchuja hadi mahojiano. Kubadilisha nyuso katikati kunampa mlalamishi hoja ya bure: huyu alimpaje alama mtu ambaye hakuona stakabadhi zake?

Mgongano wa maslahi unashughulikiwa siku ya kwanza, kwa maandishi. Tangu Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 ianze, hakuna mjumbe anayeweza kudai hakujua. Kila mmoja atie sahihi fomu baada ya kuiona orodha ya waombaji, si kabla, maana kabla ya kuyaona majina hana la kutangaza. Mjumbe anayetaka kuomba kazi hiyo ajiuzulu kabla ya tangazo kuidhinishwa. Afisa mkuu aliyepo, akiwa anaomba tena, atoke chumbani na asishike faili, asichague kampuni ya ushauri ya ajira wala asipitishe malipo yake. Msimamizi wa rasilimali watu naye anaripoti kwa afisa mkuu huyo huyo, hivyo kazi ya ukarani wa mchakato ipewe katibu wa shirika. Katibu akiwa ndiye mwombaji? Aseme mapema, na bodi iombe wizara iwaazime afisa wa kuandika kumbukumbu.

Kalenda inayorudi nyuma

Anza na siku mkataba wa afisa mkuu aliyepo unapoisha, kisha hesabu kurudi nyuma miezi 6. Tuseme unaisha 30 Juni.

Anayetaka kuongezewa muhula aandike kwa mwenyekiti kabla ya 31 Desemba. Januari bodi inapitia tathmini zake za kila mwaka na mikataba ya utendakazi aliyotia sahihi, kisha inaamua kama itampendekeza aendelee au itatangaza nafasi. Kama tathmini hizo hazikuwahi kufanywa, msizitunge Januari. Andikeni kwamba hazipo, mpime kwa taarifa za ukaguzi na ripoti za mwaka. Angalia pia umri. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60, na 65 kwa walio na ulemavu, na mkataba unaovuka siku hiyo huibua kesi.

Tangazo litoke, kwa mfano, 10 Februari na kufungwa 3 Machi, yaani siku 21. Wiki ya pili ya Machi orodha ndefu, yaani ya waombaji wote, ya tatu kuchuja. Mahojiano wiki ya kwanza ya Aprili. Ripoti ya bodi na majina kwa Waziri kabla ya 20 Aprili. Hapo unabaki na siku 70 hivi, na zinaonekana nyingi hadi ukumbuke kwamba wizara itaomba ushauri wa SCAC, kwamba uthibitisho wa vyeti hauwahi kuja kwa wakati, na kwamba mshindi kwa kawaida ana kazi nyingine inayomdai notisi ya mwezi mmoja hadi mitatu. Bodi inayoanza Aprili tayari imeamua kuwa na kaimu, iwe imelisema au la.

Tangazo

Liwekwe kwenye tovuti ya shirika na kwenye gazeti linalosomwa kote nchini; MyGov, gazeti la matangazo ya serikali linalotoka Jumanne, ndilo lililozoeleka. Tenganisha sifa za lazima na zile za ziada, kwa kuwa za lazima ndizo zitakazochuja na hazitabadilika tena hadi mwisho. Shahada, miaka ya tajriba, uanachama wa chama cha taaluma pale inapohitajika, mafunzo ya uongozi yasiyopungua wiki 4 kutoka Chuo cha Serikali cha Kenya au yanayolingana nayo: haya ni ya kawaida. Maneno hayo ya mwisho, “au yanayolingana nayo”, usiyaache. Bila hayo unawafungia nje waliofanya kazi katika sekta binafsi maisha yao yote.

Kuna tangazo lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na wasomaji hulitambua haraka kuliko bodi inavyodhani. Dalili yake ni sifa tatu finyu zinazokutana kwa mtu mmoja tu: shahada ya jina fulani kamili, miaka ya tajriba isiyo ya kawaida, na uzoefu katika aina ya taasisi ambazo nchini zipo mbili. Kila sifa ya lazima iandikiwe sababu ya mstari mmoja kwenye faili, inayotoka kwenye majukumu ya kazi. Isiyo na sababu ihamishwe iwe ya ziada au iondolewe.

Stakabadhi za Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, ni tano: ya EACC, cheti cha kodi cha KRA, cha bodi ya mikopo ya wanafunzi (HELB), cheti cha tabia njema cha idara ya upelelezi (DCI), na ripoti ya shirika la taarifa za mikopo (CRB). Zamani kila mwombaji alizitafuta zote na kuzilipia kabla hata ya kujua kama ombi lake litasomwa. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022 ili mwajiri aziombe tu pale anapokusudia kuingia mkataba na mtu. Kwa hivyo msimwondoe mwombaji kwenye orodha ndefu kwa kukosa cheti cha HELB. Wale watakaofika mwisho ndio wazilete, na muwape siku za kutosha.

Kuchuja na mahojiano

Orodha ndefu ni jedwali moja: kila mwombaji mstari wake, kila sifa ya lazima safu yake, na kila kisanduku kina “ndiyo” au “hapana” pamoja na namba ya ukurasa wa ombi lake inakopatikana. Namba hiyo ya ukurasa inaonekana kama usumbufu. Siku mwombaji aliyekataliwa atakapotumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mtakuwa na siku 21 za kumjibu, na mtaibariki.

Vyeti vithibitishwe kwa kuandikia chuo chenyewe, na jibu lije kwa katibu moja kwa moja. Barua aliyoibeba mwombaji mkononi haihesabiki. PSC ilipoagiza taasisi za umma zikague vyeti vya wafanyakazi wao mwaka 2022, vyeti bandia vilivyopatikana vilizidi 2,000, na havikuwa vya makarani peke yao.

Sasa fomu ya alama, ambayo ndiyo huharibu mahojiano mengi kuliko hila yenyewe. Chukua jopo la watu watano, alama 100. Mwombaji A anapata 82, 80, 79, 81 na 78; jumla 400, wastani 80. Mwombaji B anapata 76, 77, 75, 76 na 98. Jumla 402, wastani 80.4. Kwa hesabu B ameshinda. Kwa macho, wajumbe wanne kati ya watano walimwona A bora, na mmoja amewapiku wote kwa kalamu yake. Labda mjumbe huyo aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, labda ni binamu yake, fomu haisemi.

Dawa yake inaandikwa kabla mwombaji wa kwanza hajaingia. Kubalianeni kwamba alama ikitofautiana na wastani wa wengine kwa zaidi ya 10, aliyeitoa aandike sababu papo hapo, na mwenyekiti aisome kwa jopo. Msibadilishe alama ya mtu na msiifute. Mara nyingi kule kujua tu kwamba sababu itadaiwa huzirudisha alama za 98 mahali pake. Gawanyeni pia alama 100 katika vipande, mathalani uongozi, ujuzi wa sekta, usimamizi wa fedha na maadili, kwa sababu alama moja ya jumla haina pa kushikia.

Maswali yawe yale yale kwa wote, na muda ule ule. Fomu zijazwe kwa wino, zitiwe sahihi kila baada ya mwombaji mmoja, na katibu azikusanye kabla ya mwingine kuingia. Jopo linalojaza fomu zote jioni, baada ya chai na mazungumzo, limefanya mahojiano ya aina nyingine kabisa. Fomu za asili hukaa kwenye faili pamoja na jedwali la jumla. Jedwali peke yake halithibitishi kitu.

Majina kwa Waziri

Pale ambapo Waziri ndiye anayeteua, desturi ya miaka mingi ni bodi kupeleka majina matatu. Peleka matatu kama watatu wamefaulu. Kama waliovuka alama ya kufaulu ni wawili, peleka wawili na ueleze. Kumbeba wa tatu asiyefaulu ili idadi itimie ni kumkabidhi Waziri mtu ambaye bodi yenyewe imesema hafai, na anaweza kumchagua.

Kifurushi kina barua ya mwenyekiti, azimio la bodi lenye tarehe na majina ya waliohudhuria, ripoti ya mchakato, jedwali la alama, wasifu wa watatu hao, stakabadhi zao, na muhtasari wa sura ya shirika: jinsia, jamii na ulemavu katika uongozi wa juu kwa sasa. Huo wa mwisho mara nyingi husahaulika, na ndio unaoweza kueleza kwa nini Waziri amemteua wa pili badala ya wa kwanza. Waziri anaweza kufanya hivyo, lakini aandike sababu, kwa kuwa uamuzi usio na sababu ndio wa kwanza kuanguka chini ya Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Bodi ikipata jibu lisilo na sababu, iombe kwa adabu na kwa maandishi. Simu haiingii kwenye faili.

Maagizo ya “tumeambiwa kutoka juu” yana dawa moja. Kifungu cha 7 cha Sura ya 446 kinampa Rais uwezo wa kuiagiza bodi. Anayedai kuna agizo alete barua inayolionyesha. Isipokuja, bodi iendelee na kazi yake.

Kaimu

Ikitokea pengo, anayeteua ndiye anayemteua kaimu, na kaimu awe na sifa za kiti hicho. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaweka muda: usiopungua siku 30, usiozidi miezi 6. Andika tarehe zote mbili kwenye barua. “Hadi utakapoarifiwa vinginevyo” ni maneno yanayozaa makaimu wa miaka mitatu, ambao huajiri, huhamisha watu na kutia sahihi zabuni huku mamlaka yao yakiwa na ufa. Kaimu akiomba nafasi yenyewe, hana ruhusa ya kuona maombi ya wenzake, wala kuketi kwenye kikao kinachopanga tarehe.

Barua, mshahara na mwezi wa kwanza

Mshahara ufuate ngazi ya shirika na ushauri wa SRC. Kosa la kawaida ni mshindi kutoka benki au kampuni ya simu anayedai alipwe alichokuwa akipata, na mwenyekiti anayemuahidi kwa mdomo. Waelezeni waombaji kiwango hicho siku ya mahojiano, kabla mshindi hajaacha kazi yake. Malipo yaliyozidi huja kuulizwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kisha na kamati za uwekezaji wa umma za Bunge, ambazo tangu 2022 ni tatu, kila moja na sekta zake. Mkaguzi wa Mashirika ya Serikali naye ana uwezo, kwa Sura ya 446, wa kumtoza binafsi aliyeidhinisha matumizi yasiyo halali.

Ndani ya siku 30 za kwanza afisa mpya ajaze fomu ya mapato, mali na madeni. Taarifa ya makabidhiano itiwe sahihi na anayetoka na anayeingia, ikiorodhesha akaunti za benki na watia sahihi wake, kesi zilizo mahakamani, na bili ambazo hazijalipwa. Benki ziandikiwe siku hiyo hiyo. Na kaimu apewe barua yake: inayomshukuru, inayomrudisha kwenye cheo chake cha awali kwa jina, na inayotaja siku marupurupu ya ukaimu yanapokoma. Bila barua hiyo idara ya mishahara itaendelea kuyalipa, na mwaka ujao yatatokea kwenye ripoti ya ukaguzi chini ya jina la afisa mpya.